Mwongozo kamili: namna ya kumtania mtu akacheka mpaka akifika kwake

Meseji ninazopata ni za aina moja. Mtu kamtania mwenzake kazini au kwenye grupu la familia, mwenzake kanuna, na yeye anauliza "mbona siku hizi watu hawataki utani?" Namwambia nitumie ulichosema neno kwa neno. Nikisoma naona pale pale, karibu kila mara, jamaa kaurukia utani kabla hajajua kama kati yao utani upo, alafu mambo yakiharibika anatoa ile sentensi ya "nilikuwa natania tu", sentensi ambayo sijawahi kuona imemponya mtu.

Mimi napenda utani. Nimelelewa ndani yake, na sitaki tufike mahali watu wakae kimya kama wako kwenye foleni ya benki. Ila pia nimeona watu wakilia chooni kwasababu ya neno moja la kuchekesha. Kwa hiyo nimeandika hatua zote, moja baada ya nyingine, fuata kwa mpangilio huu huu usiruke.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujafungua mdomo

Kibali. Yaani uhusiano kati yenu unaoruhusu utani. Hatua ya 1 inaeleza unapatikanaje.

Vidonda vya huyo mtu. Ujue angalau vitatu: kafiwa na nani, anaumwa nini, anahangaika na nini nyumbani. Kama hujui hata kimoja basi humjui kiasi cha kumtania, mtanie timu yake ya mpira tu.

Ngozi yako mwenyewe. Uwe tayari kurudishiwa, tena kwa uzito ule ule. Usiyetaniwa hutanii.

Neno la kusimamisha. Neno fupi ambalo wewe na watu wako mnalijua, likitamkwa mchezo umeisha bila maswali. Kwetu nyumbani tunasema "hapo basi". Chagueni lenu.

Macho. Simaanishi ya kuangalia simu. Utayahitaji sana hatua ya 5.

## Hatua ya 1: Hakikisha utani upo kati yenu

Watu wengi wanadhani utani ni maneno. Kwetu utani ni uhusiano kwanza, maneno yanakuja baadaye. Mzaramo na Mnyamwezi au Msukuma ni watani, Mngoni na Mhehe ni watani, Mchaga na Mpare ni watani, na hawa wakikutana hata kama hawajawahi kuonana wanaweza kuanza kurushiana hapo hapo stendi na hakuna anayeshangaa. Mhehe ataambiwa afungie mbwa wake kabla Mngoni hajaonekana na njaa, au kinyume chake kutegemea nani anasimulia, na wote wanacheka. Kibali kimeshatoka kwa mababu.

Kuna vibali vingine ndani ya familia. Babu anamwita mjukuu wake wa kike "mke wangu" na bibi anamwambia mjukuu wa kiume "mume wangu mbona huniletei sukari". Mabinamu wanataniana, mashemeji wanataniana. Alafu kuna Simba na Yanga, ambao ni watani wa jadi na hawahitaji kuulizana kabila.

Sasa sikiliza upande wa pili, hapa ndipo wengi wanapoangukia. Mkwe hataniwi. Mama mkwe hata ukiona amevaa kandambili mbili tofauti unanyamaza. Bosi na aliye chini yake hawana utani hata kama bosi anajiona mchangamfu sana, kwasababu yule wa chini hawezi kurudisha, anafikiria mkataba wake. Mwalimu na mwanafunzi, nesi na mgonjwa, konda na abiria anayechechemea kupanda daladala, hapo kote hakuna utani. Kuna mtu mwenye nguvu na mtu asiye na pa kukimbilia.

Na kutoka kabila fulani peke yake hakutoshi. Mtu mwingine kazaliwa Dar, kakulia Dar, hajui hata salamu ya kwao, ukimletea utani wa kabila anakuona umemtukana na ana haki. Muulize kwanza, "we ni mtani wangu au nakosea?" Swali hilo moja lingewaokoa nusu ya wanaoniandikia.

Angalizo: Kenya si Tanzania kwenye hili. Kule mizaha ya Mkikuyu na pesa, Mkamba na uchawi, Mluhya na ugali ipo na watu wanacheka, lakini ule mpango wa watani wenye haki na wajibu haujashika nchi nzima kama huku, na siasa zimepita katikati. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 walikufa watu zaidi ya 1,100, na mwanzoni mwa 2008 kuna wanaume walikamatwa barabarani wakatahiriwa kwa nguvu kwasababu ya kabila lao. Utani wa nani katahiriwa na nani bado, ambao mtu wa Bara huku anaweza kuurusha bila kufikiri, kule unagusa mahali ambapo watu walivuja damu. Ukiwa mgeni Nairobi au Kisumu kaa nao mbali.

## Hatua ya 2: Chagua kitu cha kutania

Kanuni ninayotumia ni hii, tania kitu ambacho mtu amekibeba mwenyewe, usitanie kitu alichobebeshwa. Timu kaichagua mwenyewe. Kuchelewa, mapenzi yake ya wali, viatu vyake vya kung'aa, mbwembwe za kuongea Kiingereza, vyote hivyo kavibeba kwa hiari na akichoka anaweza kuvitua.

Mwili hakuuchagua. Ugonjwa hakuuchagua, wala kukosa mtoto, wala kufiwa, wala kuzaliwa kwenye nyumba ya tope.

Chukua Wahaya. Utani wa majivuno, wa "nshomile" (yaani "nimesoma"), wa Mhaya kuagiza chai kwa Kiingereza, Wahaya wenyewe ndio mafundi wa kuusimulia na wanauongezea chumvi. Lakini ukitoka hapo ukaingia kwenye utani wa ukimwi umeshavuka mto. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi Tanzania waligunduliwa Kagera, kwao Wahaya, mwaka 1983, na miaka iliyofuata kuna nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu tu, katikati hakuna mtu. Yule kijana unayemtania ofisini anaweza kuwa ni mmoja wa wale wajukuu. Kabila ni lile lile na mtani ni yule yule, ila kimoja ni mbwembwe na kingine ni makaburi.

Hivyo hivyo utani wa Mkurya na kupiga mke, eti asipompiga mke, mke anaona hapendwi. Watu wanaurudia kwenye harusi kabisa, MC ana maiki. Kwenye meza ya tano kuna mwanamke amevaa mikono mirefu kwenye joto. Mi huu nimeuacha kabisa, na nikiusikia sicheki.

Hapa niseme la kwangu. Miaka kadhaa nyuma, ofisi niliyokuwa nafanya kazi, dada wa mapokezi alirudi kutoka likizo. Nilimkuta asubuhi, watu kama sita wamesimama wanasaini, nikamwambia "naona likizo imekukubali, lini tunakula pilau la mtoto?" Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, ila mkono wake ulikuwa umeshika ile kalamu ya kwenye kamba na ukaanza kuizungusha kamba kwenye kidole, raundi moja, mbili, tatu, mpaka kidole kikawa cheupe. Akasema "naja", akaenda chooni, simu ya mezani ikawa inaita hakuna anayepokea. Siku mbili baadaye rafiki yake alinivuta pembeni akaniambia ile haikuwa likizo, mimba iliharibika ikiwa na miezi mitano.

Sikuwa na nia mbaya. Nia yangu haikumsaidia chochote.

Kwa hiyo orodha yangu ya visivyotaniwa, kwa mtu yeyote, hata mtani wa kuzaliwa naye: uzazi na kukosa uzazi, ndoa iliyovunjika, ugonjwa, akili kuumwa, kufukuzwa kazi mwezi huu, mtoto aliyefeli, na maiti ambaye bado hajamaliza arobaini (isipokuwa kwa watani wenyewe wa msiba, nitakuja huko). Pwani na visiwani ongeza kimoja, mambo ya nani babu yake alikuwa mtumwa wa nani. Hilo halina mtani.

## Hatua ya 3: Lipime neno lenyewe

Unaweza kuwa na kibali, umechagua kitu salama, alafu neno moja likakuangusha.

Anza na maneno ya ulemavu. Sikiliza watu wenyewe wanajiitaje, hiyo ndio njia rahisi kuliko kubahatisha. Viziwi wanajiita viziwi, chama chao kinaitwa CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, kwa hiyo neno "kiziwi" usiliogope. Ila "bubu" wanalikataa, wana lugha yao ya alama na wanaongea vizuri tu kwa mikono. Wasioona wanapenda kuitwa wasioona. Na "zeruzeru" liache, sema mtu mwenye ualbino.

Kuna neno linalonisumbua kuliko yote hapo, nalo ni "dili". Kuna vijana wakimwona mtu mwenye ualbino barabarani wanamwita "dili" wanacheka wanapita. Tangu miaka ya 2000 watu wenye ualbino wamekuwa wakiuawa na kukatwa viungo, hasa Kanda ya Ziwa, kwasababu kuna mtu kadanganywa na mganga kwamba kiungo ni utajiri. Sasa we umesimama kijiweni unamkumbusha mwenzako kwamba ana bei. Anayesikia hivyo hasikii utani hata kidogo, anaanza kuangalia njia ya kurudi nyumbani ina watu au haina.

"Umetoka Mirembe wewe", "taahira", "mwehu", haya tunayatumia kama chumvi. Kwa mtu ambaye kaka yake amelazwa kweli Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili pale Dodoma, ni kumfungulia faili la familia mbele za watu. Mbadala upo mwingi tu: "umechanganya mafaili", "leo umeamkia upande gani".

Kundi la mwisho ni maneno yanayomgeuza mtu kuwa mdudu, mnyama au uchafu. Hapa sina mjadala. Rwanda redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo 1993, vijana waliipenda kwa muziki na mizaha ya watangazaji wake, na humo humo kwenye mizaha Watutsi wakaitwa "inyenzi", yaani mende. Mwaka uliofuata mende wakapondwa, na walikuwa watu. Kenya neno "madoadoa" ni neno la kawaida, la ng'ombe au shati, lakini Bonde la Ufa lilitumika kumaanisha watu wa makabila mengine wanaotakiwa kuondolewa, na kabla ya uchaguzi wa 2022 tume ya uwiano na utangamano ya Kenya, NCIC, ililiweka kwenye orodha ya maneno ya chuki. Ukiona utani wa kabila umeanza kutumia wadudu, madoa, au kufagia na kufukiza, huo umeshaacha kuwa utani hata kama watu bado wanacheka. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na hapo usaha unakuwa wa nchi nzima.

Jaribio la hatua hii: mwazie huyo mtu, au mama yake, kakaa kiti cha pembeni yako. Litamke neno kwa sauti. Kama umejikuta unapunguza sauti, badilisha neno.

## Hatua ya 4: Angalia mahali na masikio

Utani ule ule unaweza kuwa dawa barazani na sumu kwenye grupu. Barazani wapo watu wanne, wote wanajua historia yenu, sauti yako inasikika na uso wako unaonekana. Kwenye grupu la WhatsApp kuna watu 180, hakuna sauti, hakuna uso, mtu anaisoma saa tano usiku akiwa na mawazo ya kodi, na kuna mtu atapiga skrinshoti apeleke grupu lingine ambalo hakuna anayekujua. Maandishi hayachoki, yanakaa. Tena Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kenya kuna yao ya 2018, zote zina vifungu vya kumsumbua mtu mtandaoni, na kifungu hakiulizi kama uliweka emoji ya kucheka.

Kanuni ya haraka: la watu wawili lisemwe kwa wawili. Ukiona linachekesha kwasababu tu kuna wasikilizaji, huyo mwenzako umemfanya jukwaa.

Sasa msiba. Wasiojua wakiona watani msibani wanadhani pale kila kitu kinaruhusiwa, na hapana. Nimekaa kwenye msiba wa Kizaramo mzee mmoja Mnyamwezi akalala chali mlangoni, jeneza linatoka, akasema halipiti mtu mpaka alipwe, marehemu ana deni lake la kuku tangu wakiwa vijana na sasa anakimbilia kaburini kulikwepa. Watu wakachanga, akahesabu zile noti polepole, akasema hazitoshi, kuku mwenyewe alikuwa na vifaranga. Mjane alikuwa kainamisha kichwa kwenye kanga na mabega yakawa yanatikisika, mwanzo tukadhani analia, alafu akainua uso na alikuwa anacheka, machozi yapo yanashuka na bado anacheka.

Angalia kilichomruhusu yule mzee. Alikuwa mtani kweli. Alikuwa yupo makaburini toka alfajiri na jembe, suruali yake ilikuwa na udongo mwekundu mpaka magotini. Alimfahamu marehemu. Alichokitania ni deni la kuku, hakugusa ugonjwa uliomuua. Na pesa yote iliyochangwa aliirudisha kwa mjane jioni.

Msiba huo huo kijana mmoja, sio mtani, alikuja tu na rafiki yake, akaona watu wanacheka akaigiza kikohozi cha marehemu. Kimya kilichofuata mpaka leo nakisikia. Ilibidi wazee wamtoe.

Kwa hiyo kama unataka haki ya mtani msibani, fanya kwanza kazi ya mtani: chimba, pika, beba maji. Mdomo ndio unakuja mwisho.

## Hatua ya 5: Anza na dogo, alafu msome

Usianze na lile kubwa. Rusha kadogo, ka timu, ka chakula, alafu nyamaza sekunde kadhaa uangalie.

Kicheko cha kweli kinaanzia machoni, na mtu anakusogelea, anakupiga begani, anaanza kutafuta cha kukurudishia. Kicheko cha kujikinga kinaishia kwenye meno. Anacheka kifupi, anaangalia chini au simu, mikono inatafuta kitu cha kushika, anabadilisha mada, anaaga mapema. Kile kidole cha yule dada na ile kamba ya kalamu kilikuwa kinaniambia kila kitu, ila mi nilikuwa naangalia waliokuwa wanacheka badala ya kumwangalia yeye.

Angalizo kubwa hapa: mtu kucheka sio ushahidi kwamba hajaumia. Watu wetu wamelelewa kuficha, hasa mbele ya wageni na wakubwa. Mtu aliyeitwa "bonge" tangu darasa la tatu amejifunza kucheka wa kwanza ili wengine wamalize haraka.

Kwenye simu huna macho, kwa hiyo angalia muda na urefu. Mtu aliyekuwa anakujibu mistari mitatu akaanza kujibu "hahaa" peke yake au stika moja, rudi nyuma.

## Hatua ya 6: Mwachie zamu yake

Utani ni wa kurudishana. Ukirusha mara moja, subiri nawe urushiwe kabla hujarusha tena. Mashabiki wa mpira wanalijua hili bila kufundishwa. Mwaka 2012 Simba walimfunga Yanga 5-0, watu wa Yanga wakaishi na hizo tano miaka na miaka, wakionyeshwa vidole vitano kila kona. Novemba 2023 Yanga wakashinda 5-1 na vidole vikageuka. "Utopolo" (wa Yanga) anamwita mwenzake wa Simba "kolo", "kolo" anarudisha "utopolo", na kesho wanapanda daladala moja. Huu utani umeishi vizazi kwasababu zamu inazunguka, hakuna aliyebeba mzigo moja kwa moja.

Hesabu basi. Kama kwenye grupu lenu la kazi mwaka mzima ni mtu yule yule mmoja anayechekwa, na hajawahi kurudisha au akirudisha watu wanamwambia "punguza hasira", hapo hamna mtani, mna mtu mnayemwonea. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mjaribu mwezi mmoja kumwachia yeye arushe na nyie mpokee, muone nani ataondoka kwenye grupu.

## Hatua ya 7: Likitamkwa neno la kusimamisha, simama

Fupi hii. Mtu akisema "hapo basi", usieleze, usimalizie sentensi, usiseme "la mwisho hili". Sema "haya, yameisha", badilisha mada, mpe maji au karanga maisha yaendelee. Ukijitetea hata kidogo unakuwa umeligeuza lile neno kuwa sehemu ya utani, na hatalitumia tena, siku nyingine atanyamaza tu na wewe hutajua.

## Hatua ya 8: Ukishachoma, fanya hivi

Kwanza, wahi. Siku hiyo hiyo kama inawezekana. Kila siku inayopita yeye anairudia kichwani na wewe unaisahau, na huo umbali ndio unaoua urafiki.

Pili, nenda mwenyewe. Kama ni mtu mzima kwako, nenda kwa miguu, usitume meseji. Kama ni upande wa wakwe au umemkosea mkubwa kabisa, tafuta mtu wa kati anayeheshimika akutangulie, ndivyo tunavyofanya na kunafanya kazi.

Tatu, taja kosa. "Samahani kama nimekukwaza" ni sentensi mbovu, futa kabisa hiyo "kama". Inamwambia kwamba huna uhakika, huenda shida ni yeye. Sema hivi:

"Dada, jana mbele za watu nilikuuliza habari za mtoto. Lilikuwa neno baya, nimekuumiza. Nisamehe. Halitatoka tena mdomoni kwangu."

Yametosha. Usiongeze "unajua mi mtu wa utani", usiongeze kwamba hukujua, usimwombe akueleze kwanini iliuma. Hukumkopesha mpaka akulipe maelezo.

Nne, ulipochomea ndipo uponyee. Ulimtania kwenye grupu, omba radhi kwake kwanza pembeni, alafu muulize kama anataka useme na kwenye grupu. Wengine hawataki yafufuliwe. Mfuate yeye.

Tano, acha. Usimfuate fuate kuona kama amekusamehe, usimletee zawadi kila siku. Kaa kimya ufanye kazi zako.

Yule dada nilimwendea saa ya chai, nikasema maneno kama hayo hapo juu, akaitikia "sawa" bila kuniangalia. Wiki tatu tulikuwa "habari za asubuhi" na "nzuri". Alafu Jumatatu moja timu yangu ilikuwa imefungwa, naingia pale mapokezi akanisogezea daftari la kusaini, akasema taratibu, "saini hapo kaka, kama mkono bado una nguvu." Nilijua zamu yake kaichukua.

Hiyo ndio alama ya kusubiri kwenye hatua hii. Akikurushia yeye, mlango umefunguka. Asipokurushia, hata mwaka, bado umefungwa na usiusukume.

## Hatua ya 9: Ukichomwa wewe

Huna wajibu wa kucheka. Sema jina lake au cheo chake, sema neno lililouma, malizia. "Mjomba, hilo la mimba hapana." "Mtani, timu nitukanie, mama yangu muache." Sauti ya kawaida, usipandishe, usitukane, ukitukana watu watakumbuka tusi lako na kusahau lake.

Kama ni bosi na huwezi kumwambia, andika pembeni tarehe, maneno aliyosema na nani alikuwepo. Ikijirudia utakuwa na cha kupeleka kwa rasilimali watu badala ya kusema tu "huwa ananisema vibaya".

Na ukimsikia mtu anachomwa mwenyewe hawezi kusema, sema wewe. Hauhitaji hotuba, uliza tu kwa upole "hilo lina maana gani?" na umwache aeleze. Utani wa kuonea ukiombwa uelezwe mbele za watu huwa unafia mdomoni.

## Kwa maadmini wa magrupu

Msisubiri ugomvi ndio mtafute kanuni. Bandikeni juu ya grupu leo, watu wakiwa wametulia. Mnaweza kuchukua hii ya kwetu ya ukoo, tumeitumia na hatujamtoa mtu hata mmoja:

"Ndugu zetu, hapa utani ruksa. Timu, mapishi, uchelewaji na ubahili taniana mpaka asubuhi. Miili, magonjwa, uzazi, ndoa za watu na marehemu hapana. Mtu akiandika HAPO BASI, tunaacha hapo hapo, hakuna kuuliza kwanini. Akikosea mtu, admini atamfuata inbox kwanza. Wajukuu na mababu endeleeni na ndoa zenu."